Tarikhi ya Rwenzori Isizikwe Pamoja na Wazee Wake

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, tangu mjini kwenyewe hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe, msafiri hukutana na makanisa ya kila madhehebu, misikiti mikubwa kwa midogo, na nyumba za ibada za Waadventista ambao Jumamosi huacha shughuli zao zote na kwenda kusali. Lakini juu zaidi, katika matuta ya mlima wa Rwenzori ambako gari halifiki, vimo vibanda vidogo vya matambiko ambavyo wenyewe hawavitaji mbele ya padre wala mbele ya shehe. Rai yangu, ambayo natumaini itasikilizwa kwa subira hata na wale itakaowaudhi, ni kwamba kanisa na msikiti na kibanda kile cha matambiko ni tarikhi moja ya watu wamoja, na kwamba wajibu wa kuikusanya tarikhi hiyo, kuiandika na kuwafundisha vijana, uko juu ya viongozi wa dini kabla ya kuwa juu ya serikali au juu ya mtu mwingine yeyote.

Ajabu ya Rwenzori ni kwamba mlima ulipata sifa duniani karne nyingi kabla ya mtu kuuliza habari za wakazi wake. Ptolemy wa Iskandaria, katika karne ya 2, aliandika juu ya Milima ya Mwezi ambayo theluji yake huyajaza maziwa yanayoutoa mto Nili. Wanazuoni wa Kiarabu wakaipokea habari hiyo na kuiita milima hiyo Jabal al-Qamar, na al-Idrisi, aliyemaliza kazi yake kubwa ya jiografia huko Sicily mwaka 1154, akaitia katika ramani yake. Na ijapokuwa hakuna awezaye kuapa kwamba mlima waliousikia ndio huu, watu wengi wameitakidi hivyo, wala sioni sababu ya kuwanyang'anya itikadi yao. Tarehe 24 Mei 1888 Henry Morton Stanley, akiwa katika nchi za Ziwa Albert pamoja na wapagazi wake wa Unguja, alionyeshwa na kijana mmoja mlima uliosemekana kuwa umefunikwa kwa chumvi, kumbe ile chumvi ilikuwa theluji. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipanda hadi kilele cha juu kabisa, chenye urefu wa meta 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa nchi yake, na vilele vingine vikapewa majina ya wafalme, malkia na wasafiri wa Ulaya. Katika vitabu vilivyoandikwa juu ya safari hizo Mkonzo, mwenyeji wa mlima huo, huonekana na mzigo mgongoni: amepita, ametetemeka kwa baridi, amelipwa, amerudi kwake. Alichokuwa akikiamini juu ya theluji ile aliyoisogelea kwa hofu na taadhima hakikuulizwa sana.

Na alikuwa na mengi ya kusema. Wakonzo waliamini, na wako wanaoamini mpaka leo, kwamba Muumba wa vyote ni Nyamuhanga, na kwamba chini yake wako wenye mamlaka juu ya mambo ya kila siku, mkubwa wao katika mlima huu akiwa ni Kithasamba, ambaye makao yake yako katika theluji, na theluji yenyewe, Nzururu, huhesabiwa katika nasaba yake kuwa ndiyo baba. Kalisya ni wa wawindaji na wanyama wa porini. Ndyoka ni wa maji. Mtu aliyekwenda kuwinda au aliyepatwa na maradhi alijua aelekee kwa nani na kwa adabu gani. Wala imani hiyo haikuwa siri ya mtu mmoja mmoja, bali ilifungamana na utawala, kwa sababu nchi ya Wakonzo iligawanyika kwa matuta yanayoshuka toka mlimani, na kila tuta, ambalo wenyewe huliita obulambo, lilikuwa na mkuu wake aliyesimamia ardhi, misitu, uwindaji na matambiko, na kuamua magomvi ya watu wake. Na cheo cha Isemalambo, kiongozi wa wakuu hao, kingali kinatambuliwa katika Obusinga bwa Rwenzururu, yaani ufalme wa Wakonzo. Asiyejua haya hawezi kufahamu kwa nini zamani sheria ya nani akate mti upi, na wapi, ilitiiwa mlimani bila ya kuwako askari hata mmoja.

Dini za kitabu zilifika baadaye, na hazikufika kwa mlango mmoja. Chumvi ya Ziwa Katwe ilikuwa ikitafutwa na watu wa pande zote tangu kale, na mwaka 1891 Kapteni Lugard, Mwingereza, alijenga huko boma la Fort George ili kuilinda. Kisha askari wa Kisudani, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria, ambao Lugard aliwachukua toka Kavalli, wakawekwa katika maboma ya nchi ya Toro pamoja na wake zao, watoto wao na wafuasi wao, na wengi wa hao walikuwa Waislamu. Haifai kuficha kwamba askari wale waliwapora raia na kwamba malalamiko juu yao yalikuwa makubwa. Lakini haifai pia kusahau kwamba katika nchi hii adhana ina umri wa zaidi ya miaka 130. Upande wa Wakatoliki, Padre Achte wa shirika la Mapadre Weupe alifika Virika, karibu na Fort Portal, mwaka 1895, na toka huko misheni zikashuka kuelekea kusini.

Mtu anayestahiki kutajwa kwa kirefu, hata hivyo, ni Apolo Kivebulaya. Mganda huyu, ambaye katika ujana wake aliwahi kufuata Uislamu, alibatizwa mwaka 1895, akaja Toro mwaka huo huo akiwa mwalimu wa Kanisa la Kianglikana, na mwaka uliofuata akapita kando ya mlima, akavuka bonde la Semliki na kwenda kukaa Mboga, upande ambao leo ni Kongo. Chifu wa huko, Tabaro, hakumtaka. Apolo akapigwa, na dada yake chifu alipokufa kwa ajali ya mkuki nyumbani kwa mwalimu huyo, akafungwa minyororo na kupelekwa kifungoni, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba humo gerezani alimwona Kristo akimtia moyo arudi kazini. Alirudi, na Tabaro yule yule akabatizwa. Alipofariki tarehe 30 Mei 1933 alikuwa ameacha wasia kwamba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu alikotaka Injili iendelee, badala ya mashariki alikotoka. Wengi wa walimu walioipeleka dini katika nchi za mlima huu walikuwa Waafrika wa namna hiyo, waliokwenda kwa miguu na kula walichopewa na wenyeji. Na kwa kuwa picha na sanamu za kanisani aghalabu huonyesha wazungu, vijana wetu wengi hudhani Ukristo hapa ni kazi ya wazungu peke yao.

Lakini dini ilikuja ikiwa imeandamana na utawala, na hapo ndipo penye kidonda. Mapatano ya Toro ya mwaka 1900 yaliwaweka Wakonzo na majirani zao Waamba chini ya Mukama, yaani mfalme, wa Toro, na kwa miongo mingi mtoto wa Kikonzo alisali, akasoma na kushitakiwa kwa Rutooro, lugha isiyokuwa ya mama yake. Kuanzia mwaka 1919 watu wa milimani waliasi, na mwaka 1921 viongozi wao Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya wakanyongwa. Mwaka 1954 Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu wa shule, pamoja na wenzake, walianzisha chama cha kuchunguza maisha na tarikhi ya Wakonzo; na nawaomba wasomaji wasiipite habari hii upesi, kwa kuwa harakati iliyokuja kuzaa vita vya miaka 20 ilianza kwa watu waliotaka tu kuandika habari za wazee wao. Mwaka 1962 wajumbe wa Kikonzo na Kiamba walitoka katika baraza la Toro, viongozi wakakamatwa, na tarehe 30 Juni ya mwaka huo Rwenzururu ikatangaza kujitenga. Mukirane alitawala mlimani mpaka alipokufa mwaka 1966, akamwachia kiti mwanawe, kijana mdogo aliyempa majina ya Charles Wesley, ambayo kila Mprotestanti anajua kuwa ni ya mtunzi mashuhuri wa nyimbo za Kanisa. Kijana huyo, Charles Wesley Mumbere, alishuka mlimani na kuweka silaha chini mwaka 1982, na serikali ya Uganda ikautambua Obusinga mwaka 2009.

Tazama sasa jinsi mambo ya dini yalivyofuatana na hayo. Dayosisi ya Rwenzori Kusini ya Kanisa la Uganda iliundwa mwaka 1984, na Jimbo Katoliki la Kasese mwaka 1989, yaani baada ya Wakonzo kuwa na wilaya yao tangu mwaka 1974 na baada ya vita kukoma. Watu waliotaka kuhesabiwa kuwa watu mbele ya Mukama wa Toro walitaka pia kuwa na askofu anayesikia maneno yao bila mkalimani, na kwa maoni yangu matakwa hayo mawili yalikuwa tawi na shina. Hata hivyo ni nadra mno kusikia habari hiyo ikifundishwa katika katekisimu au katika darasa la kipaimara. Mtoto hufundishwa majina ya mashahidi wa Namugongo, nayo ni haki afundishwe, lakini humaliza shule asijue ni nani Nyamutswa.

Ukimya una gharama yake. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 polisi na jeshi waliishambulia ikulu ya Omusinga, mfalme wa Rwenzururu, mjini Kasese, baada ya mapambano kati ya askari na walinzi wa kifalme, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF, kundi ambalo mashambulio yake yalianza Mpondwe hapo hapo tarehe 13 Novemba 1996, waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha usiku, wakawaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wengine kwa kuchomwa moto katika bweni. Misiba hiyo miwili haikutokana na chanzo kimoja, wala sitaki kuichanganya. Lakini yote miwili imeacha watoto wanaouliza maswali, na anayewajibu kwanza ni yule mwenye chuki. Kijana aliyepoteza ndugu ikuluni hufundishwa mitaani kwamba mlima una maadui tu. Na Mwislamu wa Bwera, ambaye hana hatia yoyote na ambaye pengine shule iliyochomwa ilikuwa ya watoto wa jirani yake, hujikuta akitazamwa kwa jicho la shaka, kana kwamba dini yake iliingia nchini pamoja na waasi. Laiti tarikhi ya Katwe ingefundishwa, jirani yake Mkristo angejua kwamba Waislamu wamekaa hapa tangu siku ambazo Kanisa lenyewe lilikuwa bado halijafika.

Najua jibu nitakalopewa na baadhi ya wachungaji, na hasa wale wa makanisa mapya: kwamba habari za Kithasamba na Kalisya ni za shetani, na kuziandika ni kuzipa uhai. Nawaheshimu, na mimi simwiti mtu arudi kwenye matambiko. Mwenye dini yake na adumu nayo. Lakini Qur'ani haikuona haya kusimulia habari za Adi na Thamudi na masanamu ya watu wa Nuhu, wala Biblia haikuificha miungu ya Misri na Kanaani. Vitabu vyote viwili vinataka muumini ajue wazee wake walikuwa wapi kabla ya kuongoka. Mkonzo asiyejua babu yake aliitakidi nini hawezi hata kueleza yeye ameiacha itikadi ipi. Tena wapo wengi, na kila padre wa kijijini anawajua, wanaokwenda misa asubuhi na usiku wakapanda kwa mganga. Hao hawakuponywa kwa kunyamaziwa, bali wamejifunza tu kuficha.

Iko sababu nyingine ya kuiandika tarikhi hii, nayo inahusu maji. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukashuka na mawe na magogo juu ya Kilembe, mahali pa machimbo ya shaba yaliyoleta reli Kasese mwaka 1956. Ukarudia mwaka 2014. Na Mei 2020 Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha yote ilifurika kwa pamoja, hospitali ya Kilembe ikabomolewa na maelfu ya watu wakakosa makao. Wataalamu wanataja mvua kali, kulima katika miteremko, miti iliyokatwa kingoni mwa mito na mifereji iliyojaa mchanga, na sina elimu ya kuwapinga. Barafu nayo inapungua: mwaka 1906 ilikadiriwa kuwa karibu kilomita za mraba 6.5, na mwaka 2003 ilikuwa imeshuka chini ya kilomita ya mraba 1. Wazee wa matuta, kwa upande wao, husema kwamba mito imekasirika kwa sababu miiko imevunjwa. Tofauti ya lugha hizi mbili si kubwa kama inavyodhaniwa. Mwiko uliomkataza mtu kufyeka kwenye chemchemi ulikuwa sheria ya mazingira iliyovaa nguo za ibada, na sisi tulipoivua zile nguo, kwa mahubiri ya Jumapili nyingi, hatukuivika nyingine. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo hifadhi yake ya Rwenzori ilitangazwa mwaka 1991 na kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994, imekwisha kuona jambo hili, na pamoja na wakuu wa matuta imefanya kazi ya kupatambua mahali patakatifu pa Wakonzo ndani ya hifadhi. Ikiwa walinzi wa wanyama wamewatafuta wakuu wa matuta ili wawaulize, sembuse maaskofu na mashehe, ambao wakuu hao ni waumini wao wenyewe?

Kazi hii ya kuikusanya tarikhi haiwezi kuishia Mpondwe. Mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910 yaliukata mlima, vilele vikawa mpaka, na ndugu wa Wakonzo, ambao upande wa pili huitwa Wanande, wakawa raia wa nchi nyingine. Lakini mpaka haukuwazuia kuoana, kuuziana mihogo na vitenge katika soko la Mpondwe, wala kuzikana. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka toka Kongo ukaingia Bwera kwa sababu ya watu waliokwenda kumuuguza na kumzika mzee wao, na hakuna ushahidi wa udugu ulio mzito kuliko huo. Wazee wa Beni na Butembo, huko Kongo, wanajua habari ambazo wa Bwera wamezisahau, na kinyume chake. Lugha ya kuwakutanisha ipo: Kikonzo na Kinande ni ndugu wa karibu, na Kiswahili, ambacho kila mfanyabiashara wa Kasindi, mji wa mpakani upande wa Kongo, anakisema, kinaweza kuifikisha tarikhi hiyo mpaka Mombasa na Bukavu ikasomwa na watu ambao hawajapata kulisikia jina la Kithasamba.

Ninachokitaka, basi, ni baraza moja la Jimbo la Kasese, Dayosisi ya Rwenzori Kusini, Waadventista, Waislamu wa wilaya na Obusinga, lenye nyumba yake ya kumbukumbu Bwera, mahali ambapo ndugu wa ng'ambo wanafika bila taabu, na lenye msaada wa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kilichoko Fort Portal. Liyakusanye madaftari ya ubatizo ya parokia za kale, ambamo majina ya Baluku, Bwambale na Masika, yanayomtaja mtoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, yameandikwa kando ya majina ya watakatifu. Lihifadhi nasaba za Waislamu wa Katwe na Bwera. Liwape wakuu wa matuta nafasi ya kueleza miiko yao kwa maneno yao wenyewe, bila kuhubiriwa katikati ya maelezo. Na liandike majina ya waliokufa, wa mwaka 1921, wa vita vya Rwenzururu, wa ikuluni na wa Lhubiriha, kila mmoja kwa jina lake na kijiji chake, pamoja na majina ya askari waliouawa, kwani nao walikuwa na mama zao.

Fedha zake si nyingi. Sadaka ya Jumapili moja katika kila parokia, ya Sabato moja kwa Waadventista na ya Ijumaa moja katika kila msikiti ingetosha kuanza, kwa kuwanunulia vijana vinasa sauti na kuwapa nauli na posho ya kupanda matuta na kukaa na wazee kwa siku kadhaa. Na vijana wa kazi hiyo wapo, wamemaliza shule, wanakijua Kikonzo na Kiswahili, na wamekaa Bwera hawana ajira.